Herufi, Dhana na Tija: Uhakiki wa Mbinu za Haraka katika Programu ya Kusanifu Mbao za Saketi kwa Muktadha wa Juba

Ikisiri

Mafunzo ya kusanifu mbao za saketi kwa kompyuta hutanguliza mara nyingi orodha za mikato ya kibodi na mbinu za kuharakisha kazi. Orodha hizo huchukuliwa kuwa maarifa yasiyoegemea upande wowote, yanayomfaa kila mtumiaji popote alipo. Makala hii inazihakiki kwa kuisoma programu huria ya KiCad kama matini, na kwa kuliweka jiji la Juba, Sudan Kusini, kuwa mahali pa usomaji. Inajenga hoja kwamba kikwazo cha mwanafunzi wa Juba hakimo katika herufi za Kiingereza zinazobeba amri. Kimo katika dhana zinazokosa jina analolielewa, katika vifaa ambavyo programu inadhani anavyo, na katika kipimo cha tija kinachohesabu sekunde mahali ambapo hasara huhesabiwa kwa majuma. Makala inapendekeza herufi zibaki kama zilivyo, dhana zifafanuliwe kwa Kiswahili, na mpangilio wa mbinu ubadilishwe kulingana na mazingira ya kazi.

Istilahi muhimu: ubao wa saketi, mikato ya kibodi, KiCad, istilahi, tija, Juba

1.0 Utangulizi

Tarehe 15 Aprili 2016 Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hatua hiyo iliingia katika jumuiya ambayo mkataba wake wakati huo, katika kifungu cha 137, ulikitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi na kutaka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Nyumbani, Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 inakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi na ya kufundishia katika ngazi zote za elimu. Mitaani na sokoni Juba, lugha inayobeba mazungumzo mengi ni Kiarabu cha Juba. Kiswahili nacho kimo. Kimeletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda na Kenya, na pia na Wasudan Kusini waliokulia ukimbizini, wakiwamo waliopita katika kambi ya Kakuma iliyofunguliwa kaskazini-magharibi mwa Kenya mwaka 1992.

Katika jiji hilo hilo kuna kundi la vijana wanaotaka kutengeneza vifaa, si kuvitumia tu. Vituo vya ubunifu kama jHUB, asasi kama Go Girls ICT Initiative, na mtandao wa mafunzo wa ASKnet uliojengwa kwa ushirikiano na shirika la r0g_agency la Berlin vimeeneza ujuzi wa teknolojia huria: kukarabati, kulehemu, kutumia vidhibiti vidogo na kuunda vifaa vinavyotumia nishati ya jua. Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa mwaka 1975, kinafundisha sayansi na teknolojia. Hatua inayofuata ujuzi huo kwa kawaida ni kutoka kwenye saketi iliyofumwa kwa nyaya juu ya ubao wa majaribio hadi kwenye ubao wa saketi uliosanifiwa kwa programu.

Hapo ndipo mwanafunzi anapokutana na orodha za mbinu za haraka: bonyeza hiki usogeze, bonyeza kile uzungushe. Kwa nje orodha hizo ni msaada mtupu. Makala hii inashikilia kuwa orodha yoyote ya mbinu ni matini yenye msomaji aliyedhaniwa, na kwamba msomaji huyo hafanani sana na mwanafunzi wa Juba. Tofauti hiyo ina uzito wa kisera. Fedha na muda wa mafunzo katika nchi hiyo ni haba, na kozi inayoanza na jambo lisilo la msingi hupoteza vyote viwili.

2.0 KiCad kama Matini

KiCad imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni programu huria chini ya leseni ya GPL, kwa hiyo mwanafunzi haihitaji kuinunua wala kuikodi, na haimwekei mpaka wa ukubwa wa ubao. Pili, historia yake ni ya taasisi za umma. Ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha teknolojia cha Grenoble, Ufaransa. Mwaka 2013 kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN kilianza kuchangia rasilimali zake, na tangu mwaka 2019 mradi huo umo chini ya mwavuli wa Linux Foundation.

Ulinganisho na programu ya EAGLE unaonyesha uzito wa uchaguzi huo. EAGLE ilitumiwa na wanafunzi na wabunifu wengi duniani, na michoro mingi ya vifaa huria, ikiwamo ya mbao za Arduino, ilichapishwa kwa muundo wa faili zake. Kampuni ya Autodesk iliinunua mwaka 2016, ikaibadilisha kuwa ya kulipiwa kwa vipindi mwaka 2017, kisha mwaka 2023 ikatangaza kwamba itaacha kuiuza na kuihudumia ifikapo tarehe 7 Juni 2026. Aliyefundishwa EAGLE kwa kukariri amri zake amebaki na kumbukumbu ya vidole inayopungukiwa mahali pa kutumika. Aliyefundishwa dhana za usanifu kupitia EAGLE anahama bila kuanza upya. Tofauti ya watu hao wawili ndiyo kiini cha makala hii.

3.0 Herufi Moja, Maana Nyingi

Dai linalosikika mara nyingi katika mijadala ya lugha na teknolojia ni kwamba mikato ya kibodi humpendelea msemaji wa Kiingereza. Kwa sehemu dai hilo ni kweli. Katika KiCad, herufi M husogeza kijenzi, R hukizungusha na F hukipindua kwenda upande wa pili wa ubao. Zote ni herufi za mwanzo za vitenzi vya Kiingereza. Inafaa kukumbuka kwamba hata mwanzilishi wa programu, aliyefanya kazi katika chuo cha Ufaransa, hakuzichukua herufi hizo kutoka Kifaransa.

Hata hivyo, uchunguzi wa karibu unapunguza nguvu ya dai hilo. Mojawapo ya amri za msingi katika kihariri cha ubao, yaani kupitisha njia ya shaba, iko kwenye X. Kujaza eneo la shaba kuko kwenye B. Kuangaza muunganisho mmoja ili uonekane kati ya mingine kuko kwenye alama ya mkwaju mdogo wa kushoto, iliyo chini ya kitufe cha kutorokea katika kibodi nyingi. Hakuna neno la Kiingereza linalomsaidia mtu kuzikumbuka amri hizo. Uhusiano kati ya ishara na maana hapa ni wa nasibu, kama wanaisimu wanavyosema kuhusu neno lolote. Mzungumzaji wa London na wa Juba huanza mahali pamoja.

Jambo la pili ni muktadha. Katika kihariri cha mchoro wa saketi, W huanzisha waya. Katika kihariri cha ubao, herufi hiyo hiyo hubadilisha upana wa njia. X inayopitisha njia kwenye ubao hugeuza alama kama kwenye kioo inapokuwa kwenye mchoro. V hubadilisha thamani ya kijenzi kwenye mchoro, ilhali kwenye ubao, wakati njia inapopitishwa, huweka tundu linaloipeleka njia kwenye tabaka jingine. Herufi, kama neno katika sentensi, hupata maana yake kutokana na mahali ilipo. Orodha ya mikato inayoandikwa kwenye karatasi moja bila kutenganisha vihariri hivyo viwili ni sawa na kamusi isiyotaja aina za maneno: kila kilichoandikwa ni sahihi, na msomaji bado anapotea.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa M na G katika mchoro wa saketi. M huchukua kijenzi na kuziacha nyaya zake nyuma. G hukichukua pamoja na nyaya zake, zikinyooka na kukunjika kumfuata. Anayekariri kwamba zote mbili husogeza atakata miunganisho bila kujua, kisha atashangaa saketi yake inapokataa kufanya kazi. Kiswahili kina vitenzi viwili tayari kwa tofauti hiyo: kusogeza na kuburuta. Kinachoburutwa huja na kilichofungwa nacho. Hapo lugha inafafanua jambo ambalo herufi peke yake haiwezi kulifafanua.

4.0 Kishawishi cha Kubadili Herufi

KiCad humruhusu mtumiaji kubadilisha mikato, kuihifadhi kama faili na kumpa mwingine. Kwa hiyo inawezekana kiufundi kutengeneza kibodi ya Kiswahili: Z kwa kuzungusha, S kwa kusogeza, T kwa kutoboa. Pendekezo la aina hiyo lina mvuto wa kizalendo, lakini linapaswa kukataliwa kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni ya kimofolojia na kimsamiati. Vitenzi vinavyohitajika hugongana: sogeza, sukuma na safisha huanza na S; pitisha, pindua, panua na punguza huanza na P. Sababu ya pili ni ya kijamii. Maelezo rasmi ya programu, video za mafunzo na msaada wa mhandisi wa Nairobi, Kampala au Shenzhen vyote hutaja herufi za kawaida. Mwanafunzi wa Juba aliyepewa kibodi yake peke yake amepewa kisiwa. Sababu ya tatu inatokana na sehemu iliyotangulia: ikiwa herufi ni ya nasibu hata kwa Mwingereza, kuibadilisha hakutibu ugonjwa wowote.

Historia ya ujanibishaji wa programu inaunga mkono tahadhari hii. Mwishoni mwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ulithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba maneno ya kompyuta. Lakini programu ya ofisi hufanya mambo ambayo mtumiaji anayajua kabla ya kuigusa: barua, jedwali, ukurasa. Programu ya ubao wa saketi hufanya mambo ambayo mwanafunzi hajawahi kuyaona. Kutafsiri menyu yake kabla ya kujenga dhana ni kuandika jina mlangoni pa nyumba ambayo haijajengwa.

5.0 Dhana Zinazokosa Jina

Dhana ngumu kwa anayeanza ni chache na zinaweza kutajwa. Ya kwanza ni umbo la shaba ambalo kijenzi hukalia, ambalo Kiingereza hulifananisha na alama ya unyayo. Tafsiri sisisi ya unyayo inaeleweka, lakini inaficha jambo muhimu: umbo hilo huwapo kabla ya kijenzi, na kijenzi kisipolingana nalo hakikai. Neno kikalio, ambalo tayari lina maana ya kitu cha kukalia, hueleza uhusiano huo vizuri zaidi. Ya pili ni nyuzi nyembamba zinazoonekana kwenye ubao kuonyesha ncha ambazo bado hazijaunganishwa. Kiingereza huziita kiota cha panya. Tafsiri hiyo haisaidii, kwa kuwa katika Kiswahili kiota ni cha ndege na panya ana shimo. Nyuzi elekezi ingekuwa istilahi ya kueleza kazi badala ya picha ya kigeni.

Ya tatu ni tundu lililopakwa shaba ndani linalounganisha tabaka moja na jingine. Neno kipitishi linavutia, ila tayari limeshikwa na fizikia ya shule kwa maana ya kitu kinachopitisha umeme. Kipenyo nalo limeshikwa na hisabati. Tundu unganishi haligongani na lolote. Ya nne, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, ni kundi la ncha zote zilizo sawa kiumeme hata kama ziko mbalimbali kwenye ubao. Hapa mnyambuliko wa kitenzi unga ni hazina: ncha zinazoungana na njia inayoziunganisha. Mwalimu anayebonyeza mkato wa kuangaza na kuonyesha kundi zima likiwaka kwa pamoja, huku akitaja neno moja lisilobadilika, amefundisha mkato na dhana kwa tendo moja.

Istilahi hizi hazihitaji kubuniwa zote mezani. Mafundi wa simu na redio katika masoko ya Afrika Mashariki wanasema shoti, fyuzi, waya na kulehemu bila kusubiri kamati. Anayejua maana ya kupiga shoti anaelewa mara moja kwa nini programu inakataa njia mbili kukaribiana kupita kiasi. Uzoefu wa mgogoro wa tarakilishi, ngamizi na kompyuta unaonyesha gharama ya kuunda maneno mengi kwa dhana moja. Katika Juba gharama hiyo ingekuwa kubwa zaidi, kwa kuwa Kiswahili hapo kinashindania nafasi na Kiingereza na Kiarabu cha Juba, na mwanafunzi hana sababu ya kujifunza majina matatu ya tundu moja.

6.0 Msomaji Aliyedhaniwa: Kipanya na Umeme

Urambazaji katika KiCad umejengwa juu ya kipanya chenye gurudumu. Gurudumu hukuza na kupunguza mwonekano pale kielekezi kilipo. Kulibonyeza na kuburuta husogeza ukurasa mzima. Mwenye kipanya hicho hahitaji kufikiri. Mwenye kompyuta ya mapajani isiyo na kipanya, hali ya kawaida katika mafunzo ya pamoja yenye vifaa vya kuazimana, huona ubao ukiruka na kupotea kila anapogusa kibao cha mguso.

Kwake yeye, mikato inayotajwa mwishoni mwa orodha nyingi hupanda na kuwa ya kwanza: F1 kukuza, F2 kupunguza, F4 kuweka kielekezi katikati, na Home kuonyesha mchoro wote. Zaidi ya hayo, ukurasa wa mapendeleo unaohusu kipanya na kibao cha mguso ndio unaopaswa kufunguliwa siku ya kwanza, kabla ya kijenzi chochote kuwekwa. Katika kompyuta nyingi za mapajani vitufe hivyo huhitaji kitufe cha ziada ili vifanye kazi. Hilo dogo, lisiposemwa, humfanya mwanafunzi aamini kwamba programu imeharibika.

Dhana ya pili ya programu ni kwamba umeme haukatiki. Kiwango cha upatikanaji wa umeme Sudan Kusini ni miongoni mwa vya chini kabisa duniani. Mtambo wa megawati 33 uliozinduliwa Juba mwezi Novemba 2019 uliboresha hali katika sehemu za jiji, lakini jenereta na paneli za jua bado ni sehemu ya maisha ya kazi. Katika mazingira hayo, mbinu yenye tija kuliko zote ni kupunguza muda kati ya hifadhi moja ya kazi na nyingine. KiCad huhifadhi kazi yenyewe kwa vipindi vinavyowekwa katika mapendeleo, na tangu toleo la 6, lililotolewa Desemba 2021, hutengeneza pia nakala rudufu za mradi mzima. Orodha za mbinu zilizoandikwa kwa ajili ya ofisi yenye umeme wa uhakika mara chache hutaja mambo haya.

Mtandao nao huamua. Huduma za usanifu zinazofanya kazi ndani ya kivinjari humtegemeza mwanafunzi kwenye data ya kulipia kila siku. KiCad na maktaba zake hupakuliwa mara moja kisha huhamishwa kwa kifaa cha kuhifadhia data. Aidha, tangu toleo la 6 faili ya mchoro hubeba ndani yake alama zilizotumika, hivyo mradi unaweza kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila kupoteza alama hizo.

7.0 Tija Hupimwa kwa Kipimo Gani?

Mjadala wa mbinu za haraka husimama juu ya kipimo kimoja: sekunde zinazookolewa kwa kila amri. Kipimo hicho kina maana kwa mhandisi anayesanifu mbao nyingi kwa mwaka, ambaye kiwanda kiko karibu na ubao wenye kosa hubadilishwa haraka. Mwanafunzi wa Juba yuko katika hali nyingine. Ubao wake ama unaagizwa ng'ambo na kusafirishwa kupitia nchi jirani, ama unachongwa kwa dawa ya kula shaba juu ya meza ya karakana.

Katika njia ya kwanza, kikalio kimoja kisicholingana na kijenzi kinagharimu majuma na nauli ya mzigo mpya. Katika njia ya pili, njia ya shaba ya robo milimita iliyo sawa kwa kiwanda inaweza kuliwa na dawa ikakatika, na tundu unganishi lililopakwa shaba ndani haliwezekani bila vifaa maalumu. Kwa hiyo mbinu zinazookoa kitu halisi ni zile zinazozuia kosa: kuweka kanuni za upana na nafasi kabla ya kupitisha njia ya kwanza, yaani nusu milimita au zaidi kwa anayechonga mwenyewe, kutumia F8 kuusasisha ubao kila mchoro unapobadilika, kuutazama ubao kwa umbo la pande tatu kabla ya kuuagiza, na kuendesha ukaguzi wa kanuni za umeme na za usanifu hadi orodha ya makosa iwe tupu au kila kosa liwe na maelezo.

Inaweza kupingwa kwamba kasi na usahihi havigombani, na kwamba aliyezoea mikato hubakiwa na akili ya kufikiria usanifu. Pingamizi hilo ni sahihi kwa mtu aliyekwisha kufika. Kwa anayeanza, mpangilio ndio unaohukumu: anayepewa kasi kabla ya kanuni hufikia kosa haraka zaidi. Haraka haraka haina baraka ni methali inayochosha kwa kurudiwa, lakini katika karakana isiyo na ubao wa pili inakuwa kanuni ya uhandisi.

8.0 Mapendekezo ya Kisera

Kutokana na uhakiki huu, mambo manne yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, taasisi zinazofadhili au kuendesha mafunzo Juba zipe kipaumbele programu huria zinazofanya kazi bila mtandao, na zigharimie kipanya kwa kila kompyuta. Kipanya cha bei ndogo huongeza tija kuliko kozi nzima ya mikato.

Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, kwa kushirikiana na vyombo vya lugha vya nchi wanachama, ianze na orodha fupi ya dhana za usanifu wa saketi badala ya tafsiri ya menyu nzima. Dhana thelathini zilizokubaliwa na kufafanuliwa kwa sentensi kamili zina faida kuliko maneno elfu yasiyo na maelezo. Mafundi washirikishwe tangu mwanzo.

Tatu, kwa kuwa katiba ya Sudan Kusini inakifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, Kiswahili kiingie kama lugha ya ufafanuzi kando ya matini za Kiingereza, bila kudai kuchukua nafasi yake wala nafasi ya Kiarabu cha Juba. Mwongozo wa lugha tatu wenye herufi zile zile za mikato unawezekana, kwa sababu herufi hazibadiliki.

Nne, tathmini ya mafunzo isipime kasi. Ipime kama mwanafunzi anaweza kueleza kila kosa lililotolewa na ukaguzi wa usanifu, na kama ubao wake unaweza kutengenezwa kwa njia iliyopo mahali alipo.

9.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba mbinu za haraka katika programu ya kusanifu mbao za saketi si orodha tupu ya vitufe. Zinabeba dhana kuhusu lugha, vifaa na mahali. Lawama dhidi ya herufi za Kiingereza imepunguzwa, kwa sababu herufi ni nasibu na ni daraja la kuwafikia wengine. Mzigo umehamishiwa kwenye dhana, ambako Kiswahili kina uwezo wa kutosha katika vitenzi vyake na katika msamiati wa mafundi wake. Kama Sudan Kusini itakuwa mahali pa kutengeneza vifaa au soko la vifaa vya wengine, ni suala litakaloamuliwa na mambo mengi yaliyo nje ya programu yoyote. Lililo ndani ya uwezo wa walimu na watunga sera ni kuhakikisha kwamba mwanafunzi, anapobonyeza kitufe, anajua kinachotokea kwenye shaba.